Wanasema watanifundisha lori bure, nisaini?

Wahariri wa safu, habari za kazi.

Mimi ni Mtanzania wa miaka 36, naishi Columbus, Ohio, pamoja na mke wangu na watoto wawili. Tulikuja kwa bahati nasibu ya green card na kadi zetu ziko sawa. Tangu tufike nafanya kazi ya ghala zamu ya usiku, kupakua maboksi, na mgongo umeanza kukataa. Nyumbani nilikuwa dereva wa semi, Scania, Dar hadi Tunduma, na mara kadhaa nimefika Lubumbashi. Gari kubwa siliogopi.

Hivi karibuni nilijaza fomu ya kampuni moja kubwa ya malori inayochukua watu wasio na leseni ya lori na kuwafundisha yenyewe. Tangu siku hiyo afisa wao wa kuajiri ananipigia simu karibu kila siku. Anasema mafunzo ni bure, tiketi ya basi ni juu yao, hoteli juu yao, wiki nne napata leseni, halafu wiki sita natembea na mkufunzi, kisha napewa lori langu na kipato ni dola 1,500 kwa wiki. Anataka niripoti Jumatatu ya wiki ijayo. Nilipouliza masharti, akasema nawafanyia kazi mwaka mmoja, na nikiondoka kabla ya hapo nalipa dola 6,500. Mkataba wenyewe nitauona nikifika.

Nina maswali manne. Nisaini? Uzoefu wangu wa Tanzania utahesabiwa? Kiingereza changu ni cha kuelewana, si cha shule. Nasikia siku hizi polisi wa barabarani wanawaondoa madereva kazini kwa sababu ya lugha, ni kweli? Na hizo dola 1,500 ni za kweli? Mke wangu hataki nikae nje mwezi mzima, na mimi mwenyewe presha yangu hupanda wakati mwingine. Nisaidieni kabla sijaacha kazi ya ghala.

Msomaji wenu, Columbus

Kaka yetu wa Columbus,

Njia uliyoichagua ni nzuri na imewatoa watu wengi ghalani. Lakini Jumatatu ya wiki ijayo ni mapema mno. Mwambie afisa huyo kwamba utakuja darasa la mwezi ujao, na sasa hivi unataka mkataba kwa barua pepe. Kampuni hizi huanzisha darasa jipya karibu kila wiki, kwa hiyo nafasi haitapotea. Yeye ndiye mwenye haraka, kwa sababu wengi wa maafisa hawa hupimwa kwa idadi ya watu wanaofika darasani.

Tuanze na hiyo "bure". Dola 6,500 ni deni, na unalilipa kwa mwaka wako wa kazi, sawa na karibu dola 540 kila mwezi. Si wizi, shule binafsi za lori hutoza kati ya dola 4,000 na 8,000, na kampuni inayokufundisha, kukulaza na kukulisha ina haki ya kurudishiwa. Tatizo liko kwenye vifungu vidogo, na hivyo ndivyo vya kusoma kwanza. Mwaka unaanza kuhesabiwa lini: siku ya kuripoti, siku ya leseni, au siku unapopewa lori lako peke yako? Tofauti inaweza kuwa zaidi ya miezi miwili. Deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, au ukiondoka mwezi wa kumi na moja unadaiwa zote? Kuna riba? Na kifungu ambacho watu hukiruka: kampuni ikikufukuza yenyewe, je, bado unadaiwa? Mikataba mingi husema ndiyo. Maana yake ukigonga nguzo mara mbili ndani ya miezi minne unaweza kukosa kazi na kubaki na deni kamili. Uliza pia nini kinatokea ukifeli mtihani au ukakataliwa na daktari wiki ya kwanza, na kama watakulipia nauli ya kurudi Columbus. Watu wamekwama hotelini mji wa mbali kwa sababu tiketi waliyopewa ilikuwa ya kwenda tu.

Kabla hujakubali deni hilo, nenda kwenye American Job Center ya kaunti yako, ofisi ya kusaidia wanaotafuta kazi, uulizie fedha za WIOA. Ni sheria ya serikali kuu ya mwaka 2014 inayolipia mafunzo ya kazi kwa watu wa kipato cha chini na waliopoteza kazi, na udereva wa lori ni kati ya kazi zinazolipiwa mara nyingi. Ukikubaliwa, unasoma chuo cha karibu na nyumbani, unalala kwako, unapata leseni bila kudaiwa na mtu, halafu unachagua kampuni. Ubaya wake ni kusubiri: makaratasi huweza kuchukua wiki kadhaa, na wakati unasoma hulipwi. Njia ya kati ni kusoma kwa mkopo na kuajiriwa na kampuni inayorudisha ada kidogo kidogo kila mwezi. Lakini kwa mwenye watoto wawili na akiba ndogo, kampuni inayofundisha yenyewe bado inaweza kuwa njia sahihi. Prime ya Springfield, Missouri, Roehl ya Wisconsin, CRST ya Iowa na Swift ya Arizona zote zimejulikana kwa kufundisha wasio na leseni, na masharti yao hayafanani. Linganisha angalau tatu.

Popote utakapokwenda, hakikisha jina la shule limo kwenye Training Provider Registry, orodha ya serikali kuu ya shule za udereva. Tangu tarehe 7 Februari 2022 huwezi kukaa mtihani wa barabarani wa leseni ya daraja A, ile ya lori lenye tela, kwa mara ya kwanza kama shule yako haimo. Sheria hiyo haikuweka idadi ya chini ya saa za kuendesha, kwa hiyo swali la maana ni hili: nitashika usukani saa ngapi mimi mwenyewe, na lori moja lina wanafunzi wangapi? Wakiwa wanne kwa lori moja, siku nyingi utakuwa kiti cha nyuma unatazama wenzako.

Kuna jambo moja la kufanya hapo Columbus kabla hujapanda basi, nalo litakupunguzia nusu ya shinikizo: pata kibali cha mwanafunzi cha leseni ya biashara, kile wanachokiita CLP. Unahitaji cheti cha afya na mitihani mitatu ya maandishi: maarifa ya jumla, breki za upepo, na magari ya kuunganisha. Kitabu cha jimbo kinapatikana bure mtandaoni, na kila mtihani unahitaji asilimia 80. Sheria inataka ukae na kibali siku 14 kabla ya mtihani wa kuendesha. Ukikipata nyumbani, siku hizo zinakwisha ukiwa na familia, na ukifika shuleni akili yako yote iko kwenye gari badala ya vitabu. Wanafunzi wengi wanaorudishwa nyumbani wiki ya kwanza huwa wamekwama kwenye karatasi hizo tatu, hasa ile ya breki za upepo.

Cheti cha afya ndipo presha yako inapoingia. Mpimaji lazima awe kwenye orodha ya serikali kuu ya wapimaji wa madereva. Daktari wako wa kawaida hatoshi kama hayumo. Presha ikiwa chini ya 140/90 kwa kawaida unapata cheti cha miaka miwili. Ikiwa juu ya hapo hadi 159/99, mwaka mmoja. Ikifika 180/110 hupiti mpaka ishuke. Kwa hiyo nenda kwa daktari wako sasa, na kama utapewa dawa anza kuzimeza wiki kadhaa kabla ya kipimo. Siku yenyewe usinywe kahawa wala vinywaji vya kuongeza nguvu, na usitoke zamu ya usiku ukaenda moja kwa moja. Macho yanatakiwa 20/40 kila jicho, kwa miwani au bila. Orodha ya dawa zote unazotumia iandike na uibebe.

Kuhusu dawa za kulevya hakuna msamaha. Bangi ni halali Ohio kwa mtu mzima, lakini si kwako. Kipimo cha serikali kuu hakijali sheria ya jimbo, na mafuta ya CBD, yanayotokana na mmea wa bangi, hayakubaliki kama sababu. Mirungi nayo ni marufuku Marekani, waambie na wenzako. Kampuni kadhaa hupima nywele, ambazo huonyesha karibu miezi mitatu nyuma. Ukikutwa kwenye kipimo cha serikali kuu, jina lako linaingia kwenye Clearinghouse, kumbukumbu iliyoanza Januari 2020 ambayo kila mwajiri wa madereva analazimika kuitazama kabla ya kukuajiri.

Sasa Kiingereza. Uliyoyasikia ni kweli. Sheria ya kwamba dereva wa biashara aweze kusoma na kuzungumza Kiingereza ni ya siku nyingi, lakini tangu tarehe 25 Juni 2025 mkaguzi akiona huiwezi anakuondoa barabarani hapo hapo; lori halisogei na wewe. Ukaguzi una sehemu mbili. Kwanza anakuhoji, bila mkalimani, bila programu ya simu ya kutafsiri: umetoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini, umeendesha saa ngapi leo, nionyeshe karatasi za mzigo, una pembetatu za tahadhari? Halafu anakuonyesha alama za barabarani uzieleze. Huhitaji Kiingereza cha chuo kikuu. Unahitaji majibu yaliyonyooka, yenye namba na majina ya miji, bila kusita. Zoea kuyasema kwa sauti, mtoto wako akiwa mkaguzi. Watoto waliosoma hapa ni walimu wazuri na hawana aibu ya kukusahihisha. Mtihani wa kuendesha nao hauruhusu mkalimani, na masomo ya shule kwa kawaida ni kwa Kiingereza. Kama kwa sasa ukisikiliza redio ya gari unashika nusu, jipe hata miezi miwili ya kujinoa kabla ya kuanza kuhesabiwa mwaka wa mkataba.

(Wasomaji ambao hawana uraia wala green card: tangu Septemba 2025 serikali kuu imebana sana leseni za lori kwa wenye vibali vya kazi tu. Ulizeni ofisi ya leseni ya jimbo lenu kwanza, kabla ya kulipa shule au kuacha kazi. Kaka wa Columbus hili halimgusi.)

Uzoefu wako wa Scania hautahesabiwa kwenye mshahara. Kampuni nyingi huhesabu maili ulizoendesha Marekani kwa leseni ya hapa. Lakini uandike kwenye fomu, kwa sababu wanataka historia ya kazi ya miaka 10 kwa aliyewahi kuendesha magari ya biashara, na mwanya usioelezwa huwatia shaka. Tafuta barua ya mwajiri wako wa zamani kama inapatikana.

Mikononi uzoefu huo utakusaidia na pia utakusumbua. Tanzania unakaa kulia mwa gari na kushoto mwa barabara, kwa hiyo kona inayokubana ni ya kushoto. Hapa ni ya kulia. Ukikata kona ya kulia kwenye makutano ya mjini kwa mazoea ya zamani, tairi za nyuma za tela la futi 53 zitapanda ukingo au kuangusha nguzo ya taa, na huzioni vizuri kwa sababu ziko upande wa mbali na wewe. Nenda mbele zaidi kabla ya kukata usukani, tazama kioo cha kulia mpaka tairi la mwisho lipite. Rivasi nayo imegeuka: upande wako rahisi ulikuwa kulia, ambako ulichungulia dirishani ukaliona tela lote. Sasa upande wa kuona ni kushoto. Lubumbashi ulikuwa unapita kulia mwa barabara, lakini usukani wako ulikuwa bado upande wa kulia, kwa hiyo mazoea hayo hayajakamilika. Mizani pia ni nyingine. Afrika Mashariki unaruhusiwa hadi tani 56. Hapa mwisho ni pauni 80,000, kama tani 36, zikigawanywa pauni 34,000 kwa ekseli mbili za kichwa, 34,000 kwa ekseli za tela na kama 12,000 mbele. Ekseli za tela husogezwa mbele na nyuma kwa pini ili kuhamisha uzito, na kila tundu moja huhamisha kama pauni 250 hadi 400. Ekseli za tela zikizidi, sogeza magurudumu yake nyuma. Zikizidi za kichwa, yasogeze mbele.

Gia: malori mengi ya kampuni hizi sasa ni otomatiki. Ukifanya mtihani kwa otomatiki, leseni yako itawekewa kizuizi cha kutoendesha gia za mkono. Kama shule ina lori la gia za mkono na unalimudu, fanya mtihani nalo. Gia za mkono za malori mengi ya hapa hazina kifaa cha ndani cha kulinganisha mwendo wa gia. Unakanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, na atakayekimbiza mkono kama kwenye Scania atasikia chuma kinasaga.

Mtihani wenyewe una hatua tatu, na ukifeli ya kwanza hupelekwi ya pili. Ya kwanza ni ukaguzi wa gari: unazunguka lori ukigusa au kuonyesha kila kitu na kusema, kwa Kiingereza, kwamba kimefungwa vizuri, kimekaza, hakijapasuka, hakijapinda, hakijavunjika, hakivuji. Kariri wimbo huo mpaka utoke wenyewe. Tairi za mbele, kina cha kashata kisipungue 4/32 ya inchi; nyingine 2/32. Ukifika kwenye breki za upepo, nenda polepole, maana kosa moja hapo kwa kawaida ni kufeli papo hapo. Jaza upepo mpaka mashine ikate yenyewe, kawaida karibu 125 psi, kipimo cha mgandamizo wa upepo. Zuia gari lisitembee, zima injini, washa swichi, achia breki zote mbili za maegesho. Subiri upepo utulie: kwa dakika moja usipoteze zaidi ya 3. Kanyaga breki ushikilie dakika nzima: usipoteze zaidi ya 4. Kisha kanyaga na kuachia mara nyingi. King'ora cha upepo mdogo lazima kilie kabla ya kufika 55, na vifungo vya breki viruke nje vyenyewe kati ya 20 na 45. Wanaofeli hapa mara nyingi wanajua namba ila wamesahau kuwasha swichi, kwa hiyo king'ora hakilii.

Rivasi ndiyo itakayokuamua miezi sita ya kwanza, mtihani na baada ya mtihani. Wageni wengi hupoteza kazi kwa ajali za mwendo wa kilomita tatu kwa saa kwenye vituo vya malori, usiku, wakijipenyeza kati ya malori mawili. Pua ya lori lako ikigeuka, inafagia upande ule mwingine na kung'oa kioo au boneti ya jirani aliyelala. Shuka uangalie. Kisha sogea nusu, shuka tena. Hakuna anayelipwa kwa kuegesha haraka, na dereva anayepiga honi akikusubiri hatakulipia boneti. Likianza kwenda kombo, vuta mbele unyoshe. Usijaribu kuliokoa kwa kukata usukani zaidi. Mengine mawili yanayowaondoa wageni ni kuachia tela bila kushusha miguu yake na kuunganisha bila kuchungulia. Ukishaunganisha, ingia chini na tochi: mataya ya sahani ya kuunganishia yawe yamekumbatia shingo ya pini ya tela, kusiwe na mwanya kati ya tela na sahani, kishikio kiwe kimeingia ndani. Halafu vuta taratibu breki za tela zikiwa zimekaza. Na usitumie ramani ya simu ya magari madogo. Tela lina kimo cha futi 13 na inchi 6, na ramani hiyo haijui daraja la futi 12.

Wiki za mkufunzi ndizo zinazotofautisha kampuni nzuri na mbaya. Utalala kitanda cha juu kwenye kichwa cha lori na mtu usiyemjua. Uliza: mkufunzi ana uzoefu wa miaka mingapi? Kampuni nyingine humpa mwanafunzi mtu ambaye hajamaliza mwaka. Mnahesabu wiki au maili? Wengine hutaka maili 30,000 au 40,000 mkiendesha kama timu, ambapo wewe unaendesha usiku yeye amelala nyuma. Hapo umekuwa mfanyakazi wa bei nafuu, hakuna anayekufundisha. Omba kwa maandishi kwamba wiki za mwanzo atakaa kiti cha mbele, na kwamba una haki ya kubadilishiwa mkufunzi. Akikuagiza uendeshe ukiwa umeishiwa saa, kataa. Saa ni 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14, baada ya mapumziko ya saa 10 mfululizo. Nusu saa ya kupumzika ukishaendesha saa 8. Na saa 70 ndani ya siku 8. Hizo 14 hazisimami ukiwa umepanga foleni kwenye ghala la mteja, na leseni itakayoharibika ni yako.

Hizo dola 1,500 zinawezekana kwa wiki nzuri ya mtu aliyezoea. Usizipangie kodi ya nyumba. Fanya hesabu hii: senti 50 kwa maili mara maili 2,200 ni dola 1,100, kabla ya kodi, bima ya afya na makato ya ada. Wiki yenye theluji au lori likiwa gereji, maili huwa 1,400, yaani dola 700. Wakati wa mkufunzi mara nyingi unalipwa kiasi cha kudumu, kama dola 500 hadi 800 kwa wiki, na wiki za darasani kampuni nyingi hazilipi kitu. Sheria ya saa za ziada ya serikali kuu haiwahusu madereva wa malori ya kuvuka majimbo. Kwa hiyo uliza maili wanazolipa ni zile za kweli au za ramani kutoka posta ya mji hadi posta ya mji, maana hizo za pili huweza kupungua 5 hadi 10 kwa kila 100. Uliza wanalipa nini ukisubiri kupakia saa sita, na omba wastani wa maili wa madereva wa mwaka wa kwanza pekee. Afisa akikutajia "hadi dola fulani", mwambie atoe neno "hadi".

Mke wako ana hoja, na asikilizwe kabla hujasaini. Barabara ndefu kwa kawaida ni siku moja nyumbani kwa kila wiki uliyokaa nje, kwa hiyo wiki nne ni siku nne. Mpango wa busara ni kumwachia matumizi ya miezi miwili kamili, bima ya afya ya watoto isikatike kati ya kazi mbili, na mkubaliane kwamba ni mwaka mmoja. Columbus ni mji wa maghala. Ukishakuwa na mwaka mmoja msafi, kazi za kurudi nyumbani kila jioni au kila wikendi zipo. Zinataka mwaka huo kwa sababu ya bima. Ndiyo maana ukiona mambo magumu mwezi wa tatu, usiliache lori kituoni ukapanda basi. Kuliacha lori huandikwa kwenye ripoti yako ya DAC, rekodi ya kazi za dereva, na kampuni nyingine huiona. Lirudishe kwenye yadi ya kampuni, lisafishe, piga picha, pata risiti, kisha uondoke.

Karibu na kumaliza mkufunzi, mtu atakuja na pendekezo tamu: chukua lori kwa mkataba wa kulikodi mpaka liwe lako, uwe bosi wako mwenyewe. Kataa. Malipo ya lori, mafuta, bima na matengenezo hukatwa kila wiki hata kama hukupata mzigo, na mizigo inatoka kwa kampuni ile ile inayokudai lori. Jopokazi lililoundwa na serikali kuu kuichunguza mikataba hiyo lilipendekeza mwaka 2025 ipigwe marufuku. Kwa aliye na miezi mitatu barabarani, sisi hatujui sababu yoyote ya kuukubali.

Usiache ghala bado. Kesho omba miadi ya daktari, wikendi hii anza kitabu cha breki za upepo, na mtumie afisa huyo ujumbe mmoja: naomba mkataba kamili wa mafunzo na jedwali la malipo kwa barua pepe, nitajibu baada ya siku saba. Akisema mkataba hauonyeshwi mpaka ufike, usipande basi lao. Zipo kampuni zitakazoutuma. Ukiupata na kuna kifungu hukielewi, futa jina lako na namba zako, ututumie ukurasa huo tuusome pamoja.